Mafunzo ya usalama kazini Kenya: mwajiri aanzie wapi, mfanyakazi adai nini

Kijana mmoja aliajiriwa Jumatatu katika karakana ya samani. Alhamisi, muda mfupi kabla ya chai ya saa nne, msumeno ulimkata ncha za vidole viwili. Mimi niliitwa wiki mbili baadaye kuwafunza wenzake, na kitu cha kwanza nilichoonyeshwa ofisini kilikuwa karatasi: fomu ya kurasa nne, kwa Kiingereza, na chini yake sahihi ya kijana ikithibitisha kwamba amepata mafunzo yote ya usalama. Kisha nikapelekwa kwenye msumeno wenyewe. Kinga yake ilikuwa imetundikwa kwenye msumari ukutani, imefunikwa na vumbi la mbao. Kile kijiti cha kusukumia mbao ndogo hakikuwapo kabisa. Nilimuuliza fundi aliyekuwa naye siku ile kijana alifundishwa vipi. Akanijibu bila kuficha: "Alitutazama siku mbili, akasema ameshika."

Naandika mwongozo huu kwa sababu ya karatasi ile. Waajiri wengi wanajua kwamba sheria inataka mafunzo, na wengi wanadhani kinachotakiwa ni sahihi. Wafanyakazi nao hutia sahihi kwa sababu wanahitaji kazi. Hapa nitaeleza sheria ya Kenya inataka nini hasa, halafu namna ya kulifanya jambo lenyewe hatua kwa hatua, iwe una karakana ya watu sita au kiwanda cha mia sita.

Kwanza, ujue sheria inakuhusu

Sheria kuu ni Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, ambayo wengi huiita OSHA. Inasimamiwa na Kurugenzi ya Usalama na Afya Kazini, DOSHS, iliyo chini ya wizara inayoshughulikia kazi. Inahusu kila mahali ambapo mtu anafanya kazi, ya kudumu au ya muda. Kwa hiyo kibarua wa siku moja yumo, na mwanafunzi aliyekuja kujifunza kazi kwa miezi mitatu yumo pia.

Kifungu cha 6 kinamtwika jukumu yule anayepasimamia mahali pa kazi, hata kama jengo amelikodi. Anatakiwa atoe taarifa, maelekezo, mafunzo na usimamizi unaohitajika ili watu wafanye kazi bila kuumia. Akishindwa na akapatikana na hatia, anaweza kutozwa faini, au kufungwa, au vyote viwili.

Kuhusu mashine, sheria inasema waziwazi kwamba mtu hawekwi kwenye mashine au kazi inayoweza kumuumiza mpaka awe ameelezwa kikamilifu hatari zake na tahadhari zake. Zaidi ya hayo, ama awe amepata mafunzo ya kutosha kwenye mashine hiyo, ama awe chini ya uangalizi wa karibu wa mtu anayeijua vizuri. Ukishaelewa sehemu hiyo umeelewa zaidi ya nusu ya mwongozo huu. Maelezo hutangulia mkono. Kijana wa karakana alipewa mashine kwanza, na maelezo yakaja hospitalini.

Hatua ya kwanza: zunguka ukiwa na daftari

Usianze kwa kumpigia simu mkufunzi. Anza kwa kujua watu wako wanaumizwa na nini, la sivyo utanunua kozi isiyowafaa. Sheria yenyewe inakutaka ufanye tathmini ya hatari, na kwa karakana ndogo asubuhi moja inatosha kuianza.

Tembea na mtu anayefanya kazi pale kila siku, si meneja peke yake. Kwenye kila mashine na kila kona uliza: hapa mtu anaweza kuumia vipi, nani yuko karibu zaidi, na sasa hivi ni nini kinachomkinga? Andika majibu kama yalivyo. Muulize pia anayefagia na anayelinda usiku, kwa sababu hao husahaulika kila mara. Katika karakana ile, mwanamama anayefagia ndiye aliyetueleza kwamba alizoea kuingiza mkono chini ya meza kutoa vumbi mara tu fundi akishazima swichi. Msumeno wa duara huendelea kuzunguka muda baada ya kuzimwa, na hauna sauti kubwa tena ya kumwonya mtu. Kumbe hatari ya pili ilikuwa inangoja palepale, na haikuwa ya fundi.

Ukimaliza, kila hatari uliyoandika igeuke swali: nani anapaswa kufundishwa hili, na nani wa kumfundisha? Orodha hiyo ndiyo mpango wako wa mafunzo.

Hatua ya pili: mfunze mgeni kabla hajagusa kitu

Hapa ndipo vidole vinapookolewa au kupotea, kwa hiyo nitakaa zaidi.

Siku ya kwanza ya mfanyakazi mpya, hata kama oda zimerundikana, tenga saa zake. Mwonyeshe milango ya kutokea, mitungi ya kuzimia moto, sanduku la huduma ya kwanza, na mtu wa kumwendea akiona jambo la hatari. Mpe vifaa vyake vya kujikinga siku hiyohiyo na umwonyeshe namna ya kuvivaa. Vifaa hivyo ni jukumu la mwajiri. Kumkata kibarua mshahara kwa ajili ya gambuti na helmeti ni kumsukuma aje na ndara.

Kisha mpeleke kwenye mashine atakayotumia. Nitachukua msumeno wa duara kama mfano, nawe geuza maneno yalingane na mashine yako.

Mashine ikiwa imezimwa na plagi imechomolewa, mwonyeshe swichi ya kuzimia kabla ya ile ya kuwashia. Aizime mwenyewe mara kadhaa, aifikie bila kuangalia. Mwonyeshe kinga iliyo juu ya meno na umwambie kazi yake, halafu kile kisu kilicho nyuma ya msumeno kinachozuia mbao isijifunge na kuyabana meno. Mbao ikibana, msumeno huirusha kumrudia fundi kwa nguvu, na mtu aliyesimama kwenye mstari wake huipata tumboni. Kwa hiyo mfundishe asimame kando kidogo ya mstari wa msumeno. Mweleze pia kwamba mbao ndogo haisukumwi kwa vidole. Inasukumwa kwa kijiti, na kijiti kinakaa juu ya meza wakati wote.

Kuna jambo moja ambalo hata mafundi wazoefu hukosea: glavu. Watu hudhani glavu huongeza usalama kila mahali. Kwenye kitu kinachozunguka, glavu ikinaswa huvuta mkono mzima. Vivyo hivyo mikono mirefu ya shati, kamba za kofia, na mitandio. Hayo mwambie ukiwa umeishika nguo yenyewe, ili aone unachokisema.

Baada ya hapo fundi awashe na akate taratibu huku anaeleza. Halafu mgeni akate, na yeye ndiye aeleze: kwa nini nasimama hapa, kwa nini naanza na kinga, kwa nini nangoja meno yasimame ndipo nisafishe. Ukisikia anarudia maneno yako kama shairi bila kuelewa, rudi nyuma. Akifanya vizuri, bado mtu abaki karibu naye siku za mwanzo. Fundi aliyepewa kazi ya kumwangalia apunguziwe kazi yake mwenyewe, maana mtu mwenye oda kumi za vitanda hawezi kumwangalia mwingine.

Lugha ni nusu ya kazi hii. Kama mgeni anasikia Kiswahili vizuri, mfunze kwa Kiswahili. Kama Kikamba au Kiluo au Kisomali ndiyo lugha anayoweza kuulizia swali bila aibu, tafuta mwenzake amsaidie. Karatasi ya Kiingereza iliyotiwa sahihi na mtu asiyeisoma haimlindi yeye, na mbele ya ofisa mkaguzi haikulindi hata wewe, kwa sababu ofisa huenda moja kwa moja kwa mfanyakazi na kumuuliza: "Ukitaka kusafisha hapa, unafanyaje?"

Rudia mafunzo mashine inapobadilishwa, mtu anapohamishwa kitengo, anaporudi baada ya muda mrefu, na kila mnapoponea chupuchupu. Tukio la kuponea chupuchupu ni mafunzo ya bure. Lisimamishie kazi kwa dakika kumi na mlizungumze siku hiyohiyo.

Hatua ya tatu: kamati, kama mna watu 20 au zaidi

Kifungu cha 9 kinataka kamati ya usalama na afya mahali penye watu 20 au zaidi. Kanuni za kamati za mwaka 2004 zinataka pande mbili zilingane: wawakilishi wa uongozi na wa wafanyakazi. Wakiwa watu 20 hadi 100, kila upande uwe na wawakilishi wasiopungua watatu. Kuanzia 101 hadi 1,000, watano kila upande. Wakizidi 1,000, saba kila upande.

Wawakilishi wa wafanyakazi huchaguliwa na wafanyakazi. Nimewahi kukuta kamati ambayo mwajiri aliteua pande zote mbili kwa siku moja, na mmoja wa "wawakilishi wa wafanyakazi" alikuwa hajui kwamba jina lake limo. Kamati ya namna hiyo haiwezi kusema lolote kuhusu kinga iliyotundikwa ukutani.

Wanakamati wanatakiwa wapate kozi ya msingi ndani ya miezi sita tangu wachaguliwe, na baadaye mafunzo ya kuendelea. Kozi hiyo kwa kawaida huchukua siku tano, na hutolewa na DOSHS au taasisi iliyoidhinishwa nayo. Usimwondoe mtu darasani siku ya tatu kwa sababu ya oda. Cheti kinahusu kozi nzima. Wakirudi, kamati ikutane angalau mara moja kila miezi mitatu na ikague mahali pa kazi. Kumbukumbu za kikao zitaje nani atarekebisha nini na kufikia tarehe gani.

Chini ya watu 20 hamlazimiki kuwa na kamati, lakini mambo mengine yote ya mwongozo huu yanawahusu. Chagueni hata mtu mmoja wa kushika daftari.

Hatua ya nne: huduma ya kwanza na moto

Sanduku la huduma ya kwanza ni lazima liwepo, mahali panapofikika, chini ya mtu anayewajibika nalo. Mpeleke mtu huyo akajifunze. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya na St John Ambulance hutoa mafunzo hayo. Kama mna zamu ya usiku, funza mtu wa usiku pia. Vyeti vya huduma ya kwanza huisha muda, kwa hiyo andika tarehe ya mwisho kwenye kalenda ya ofisi. Na sanduku lisifungwe kwa kufuli ambayo ufunguo wake uko kwenye pochi ya meneja aliyekwenda benki. Hilo nimelikuta zaidi ya mara moja.

Kuhusu moto, zipo Kanuni za Kupunguza Hatari ya Moto za mwaka 2007. Zinataka mahali pa kazi pawe na kikosi cha kuzima moto kilichofunzwa, na mazoezi ya kutoka nje yafanyike angalau mara moja kila miezi 12. Fanyeni mazoezi wakati mashine zinaunguruma, ndipo mtajua kama king'ora kinasikika kule nyuma kwenye vanishi. Hesabuni watu kwenye uwanja wa kukusanyikia kwa majina.

Kila mtu, si kikosi peke yake, aushike mtungi walau mara moja: avute pini, aelekeze mdomo kwenye shina la moto, abane kishikio, afagie kulia na kushoto. Ajue pia kwamba maji hayamwagwi kwenye moto wa umeme wala wa thina.

Hatua ya tano: kazi zenye hatari za pekee

Hapa nitapita haraka, kwa kuwa kila kazi ina kanuni zake. Kelele: kanuni za mwaka 2005 zinakataza mtu kukaa kwenye wastani unaozidi desibeli 90 kwa saa nane, na kuanzia 85 mwajiri anatakiwa awe na mpango wa kupunguza kelele, yakiwemo mafunzo na vipimo vya masikio. Kama mnazungumza kwa kupaza sauti mkiwa hatua moja kati yenu, tafuteni mtu wa kupima. Kemikali: kanuni za mwaka 2007 zinataka wanaozishika wafundishwe, na karatasi ya taarifa ya usalama ya kila kemikali iwepo. Mpaka rangi anaweza asisome kurasa kumi, lakini anaweza kufundishwa alama za kwenye mkebe na kuelezwa kwa nini asile chakula kando yake. Kazi za juu, boila, winchi na uchomeleaji ndani ya matangi zinahitaji mafunzo mahususi na mtu mwenye ujuzi uliothibitishwa. Usimpe mtu kwa sababu tu "hana woga".

Hatua ya sita: mkufunzi na gharama

Kabla ya kulipa, muulize mkufunzi akuonyeshe idhini yake ya DOSHS, na uhakikishe bado ina nguvu. Kisha muulize kama atakuja kuona mashine zako kabla ya darasa. Anayekataa kuja atakuletea slaidi za kiwanda cha nchi nyingine.

Kuna fedha ambazo waajiri wengi huziacha mezani. Mwajiri analipa ada ya mafunzo ya viwandani, shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi, inayokwenda NITA, yaani Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani. Aliyelipa ada hiyo anaweza kuomba NITA imrudishie sehemu ya gharama za mafunzo. Omba kibali kabla ya mafunzo kuanza, na tumia mkufunzi anayetambuliwa na NITA.

Hatua ya saba: daftari

Andika kila mafunzo: tarehe, aliyefunza, waliofunzwa, mashine au jambo lenyewe, lugha iliyotumika, na alichofanya kila mtu kuonyesha ameelewa. Mistari sita yenye ukweli ni bora kuliko ile fomu ya kurasa nne. Kifungu cha 11 kinataka pia ukaguzi wa usalama ufanywe angalau mara moja kila miezi 12, na mkaguzi atataka daftari hilo. Atakapolilinganisha na yale uliyoandika kwenye hatua ya kwanza, ataona upesi hatari ambazo hakuna aliyefundishwa kuzihusu.

Kwako mfanyakazi

Nawe una wajibu. Kifungu cha 13 kinakutaka ujilinde na uwalinde wenzako, uvae ulichopewa, na ufuate maelekezo. Ukiitoa kinga ya mashine ili kazi iende haraka, umewaweka hatarini wewe na atakayekuja baada yako.

Lakini huna wajibu wa kutumia mashine usiyofundishwa. Najua ilivyo vigumu kulisema hilo siku ya pili ya kazi, mbele ya msimamizi aliye na haraka. Sema kwa adabu na kwa ufupi: "Boss, kazi nitafanya. Mashine hii sijaonyeshwa. Naomba fundi anionyeshe kwanza, dakika chache tu." Ukiona hatari kubwa, kifungu cha 14 kinakutaka umwarifu msimamizi wako, na mpaka irekebishwe mwajiri hatakiwi kukurudisha pale. Sheria pia inakataza kufukuzwa au kubaguliwa kwa sababu umelalamikia jambo la usalama au uko kwenye kamati. Ukikwama, zungumza na mwakilishi wako wa kamati, chama chako, au ofisi ya DOSHS ya eneo lako.

Usitie sahihi kwamba umefunzwa kama hujafunzwa. Ikibidi utie, andika pembeni ulichoonyeshwa na tarehe, kisha piga picha ya karatasi kwa simu yako.

Ajali ikitokea

Mtibu mtu kwanza. Zima mashine, chomoa umeme, na usisafishe wala kurudisha kinga ukutani au mahali pake. Acha pawe kama palivyo. Kifungu cha 21 kinamtaka mwajiri amwarifu ofisa wa DOSHS wa eneo ndani ya saa 24 mtu akifariki, na kupeleka taarifa ya maandishi ndani ya siku saba. Kwa majeraha yasiyo ya kifo, taarifa ya maandishi ndani ya siku saba pia.

Fidia iko chini ya sheria nyingine ya 2007, ya fidia kwa majeraha ya kazini (WIBA), inayomtaka mwajiri awe na bima ya wafanyakazi wake. Kwa ulemavu wa kudumu usiomwacha mtu na uwezo wowote wa kufanya kazi, fidia ni mapato ya miezi 96, na ulemavu wa sehemu hukadiriwa kwa asilimia. Mwarifu mwajiri mara moja, kwa maandishi ikiwezekana. Mwombe daktari aandike kwamba uliumia kazini, na uhifadhi nakala ya kila fomu. Kijana wa karakana hakuwa na nakala hata moja. Ile fomu ya kurasa nne ilibaki ofisini, na hati ya hospitali aliikabidhi kwa msimamizi siku aliyorudi kuulizia mshahara wake.